PSP iliyofunguliwa na mchezo wa Cave Story: dalili, vyanzo na tiba

PSP, mashine ya Sony ya kuchezea michezo mkononi, ilianza kuuzwa nchini Japani tarehe 12 Desemba 2004. Siku nane baadaye, Daisuke Amaya, anayejulikana zaidi kwa jina la Pixel, alitoa bila malipo mchezo wa Cave Story, ambao alikuwa ameuunda peke yake kwa miaka mitano. Mchezo huo wa kukimbia na kuruka majukwaa ulikuwa wa kompyuta, lakini baadaye wapenzi wa PSP waliuhamishia kwenye mashine hiyo kwa njia ya homubru, yaani programu ambazo watu huziandika wenyewe bila kupitia kampuni iliyounda mashine. Mpaka leo, PSP za mitumba zinapozunguka kati ya Nakuru, Kisumu na Kakamega, huo ndio mchezo ninaoombwa kuuweka mara nyingi kuliko mingine. Mwenyewe aliutoa bure, hauchukui nafasi kubwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na anayeuanza jioni hujikuta bado macho saa saba usiku.

Dalili zifuatazo nimezipanga kwa jinsi ninavyoletewa, nyingine zikifika Nakuru kwa matatu ndani ya boksi la viatu pamoja na kikaratasi kilichoandikwa "haifanyi kazi". Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea sana. Ushauri wangu kwa jumla ni kukagua kadi na umeme kabla ya kuulaumu mchezo, kwa maana ni mara chache mno nimekuta kosa likiwa ndani ya mchezo wenyewe.

Mchezo ulikuwepo jana, leo unasomeka "Corrupted Data"

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Picha ya mchezo imetoweka kwenye menyu na badala yake kuna maneno hayo, au ukijaribu kuufungua unaambiwa kwamba hauwezi kuanzishwa, na namba 80020148 inatokea. Kwa kawaida mwenye mashine huwa ameshaufuta na kuunakili upya mara mbili tatu kabla ya kuja kwangu, na hakuna kilichobadilika.

Chanzo cha kawaida ni kwamba mfumo uliorekebishwa, yaani ule unaoiwezesha PSP iliyofunguliwa kukubali homubru, haujawaka. Katika modeli ya PSP-3000, na katika zile PSP-2000 za mwishomwisho, mfumo kama PRO ukiwekwa kwa njia ya kawaida haubaki umewaka daima. Hudumu mradi mashine inalazwa tu bila kuzimwa kabisa. Ukisukuma swichi ya umeme na kuiachia mara moja, mashine inalala. Ukiishikilia kwa sekunde kadhaa, au betri ikiisha kabisa, au ukiichomoa, mashine inazimika, na itakapowaka tena itakuwa PSP ya dukani ambayo haitambui programu yoyote isiyotiwa saini na Sony. Mchezo uko salama kwenye kadi. Mashine ndiyo iliyosahau kuutambua.

Ukaguzi wake ni wa nusu dakika. Ingia Settings, kisha System Settings, kisha System Information, usome mstari wa toleo la mfumo. Ikiwa namba 6.60 au 6.61 imefuatwa na jina la mfumo uliorekebishwa, kama PRO au ARK, basi mfumo umewaka na unapaswa kutafuta chanzo kingine. Ikiwa namba imesimama peke yake, rudi kwenye menyu ya Game, fungua Fast Recovery ikiwa unatumia PRO, au programu ya kuwashia ARK ikiwa unatumia ARK, kisha subiri menyu irudi yenyewe. Mchezo utaonekana tena bila wewe kunakili chochote.

Niliwahi kuwa na PSP-3000 ambayo betri yake nilikuwa nimeitoa kwa sababu ilikuwa imefura, nikawa ninacheza kwa umeme wa chaja peke yake. Kila stima ilipopotea hapa mtaani, hata kwa muda wa kupepesa jicho, niliporudi nilikuta "Corrupted Data". Niliilaumu kadi kwa wiki mbili, nikanunua nyingine, na hali ikabaki ile ile. Siku moja nikaona kwamba saa ya mashine nayo ilikuwa imerudi nyuma, na hapo ndipo nilipoelewa. Saa iliyorudi nyuma ni ushahidi kwamba mashine ilikosa umeme kabisa, kwa hiyo itazame kabla ya kufungua pochi.

Chanzo cha pili ni mtu mwingine wa nyumbani kukubali sasisho rasmi la Sony, ambalo hufuta mfumo uliorekebishwa na kuweka wa kiwanda. Toleo la mwisho rasmi ni 6.61 la mwaka 2015, na mfumo uliorekebishwa unaweza kuwekwa juu yake, kwa hiyo hilo si msiba. Ni kazi ya kuanza upya tu. Chanzo cha tatu ni faili ya EBOOT.PBP, ambayo ndiyo programu yenyewe ya mchezo, iliyokatika wakati wa kunakiliwa, kwa mfano kebo ilipochomolewa kabla ya kompyuta kumaliza kuandika. Linganisha ukubwa wa faili iliyo kwenye kadi na ule wa faili ya asili, na ukikuta umepungua, nakili upya.

Zipo njia za kuufanya mfumo uliorekebishwa uwake wenyewe kila mara, kama Infinity kwa mashine zenye 6.61. Hizo huandika ndani ya kumbukumbu ya mashine, wala si kwenye kadi. Usizijaribu bila betri nzima iliyojaa pamoja na chaja iliyochomekwa, wala usizijaribu jioni ya mvua wakati unajua kabisa kwamba stima haikai. Umeme ukikatika katikati ya uandishi huo, mashine inaweza isiwake tena.

Mchezo hauonekani kabisa kwenye menyu

Mara nyingi ni folda ndani ya folda. Ukikunjua faili ya zip kwenye kompyuta, kompyuta huunda folda mpya yenye jina la zip, na ndani yake kuna folda nyingine yenye jina lile lile. PSP hutarajia kuikuta EBOOT.PBP hatua moja tu ndani ya GAME, yaani PSP/GAME/CaveStory/EBOOT.PBP. Ikiwa njia yako inasomeka PSP/GAME/CaveStory/CaveStory/EBOOT.PBP, kata folda ya ndani uipandishe juu. Wengine huuweka mchezo kwenye folda ya ISO kwa sababu waliona michezo mingine imewekwa hapo. ISO ni ya nakala za diski peke yake, na EBOOT.PBP ikiwekwa huko haitaonekana. Wenye PSP Go wakumbuke kwamba mashine yao ina hifadhi mbili, ya ndani na ya kadi, na kila moja ina folda yake ya PSP, hivyo mchezo uliowekwa kwenye moja hautaonekana ukiitafuta nyingine.

Kisha kuna suala la saiba. Kadi iliyopita kwenye kompyuta za umma hurudi na virusi vinavyoficha folda zako na kuacha njia za mkato zenye majina yale yale. Ukiona kwamba PSP, MUSIC na PICTURE zina mshale mdogo kwenye picha zao, na kila moja ina kilobaiti moja au mbili tu, usizibofye hata kidogo. Tafuta kompyuta safi yenye Windows, angalia kadi imepewa herufi gani, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya kadi yako mahali pa E. Folda zitajitokeza, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Nakili unachokihitaji kwenye kompyuta, hasa hifadhi za michezo, kisha rudisha kadi kwenye PSP na uchague Format Memory Stick katika System Settings. Mashine itaunda folda zake upya kwa mpangilio inaoutaka.

Ikiwa hata kadi yenyewe haisomeki, tatizo huwa ni muundo wa kadi au adapta yake. PSP husoma FAT32, wala haisomi exFAT, ambao ndio muundo wa kadi nyingi za ukubwa wa GB 64 na zaidi zinapotoka dukani. Dirisha la kawaida la Windows la kufomati limezoea kutoitoa FAT32 kwa kadi iliyozidi GB 32, ndiyo maana watu hudhani kadi kubwa hazikubaliki. Zinakubalika, ila sharti zifomatiwe kwa programu nyingine inayoweza kuziweka katika FAT32.

Adapta za kutumia microSD badala ya Memory Stick PRO Duo, kadi ya asili ya PSP, zina hila zake. Ile ya kadi moja hulegea, na kipande chembamba cha karatasi nyuma ya kadi huweza kuishikilia vizuri, mradi kisizidi unene na kukwamia ndani. Ile ya kadi mbili inastahili uangalifu zaidi, kwa sababu huzigawia kadi zote mbili data ya faili ile ile, kipande huku na kipande kule. Kadi hizo ziwe za ukubwa mmoja na ikiwezekana za aina moja. Ukizitoa kuzipangusa na kuzirudisha kwa kubadilishana nafasi, mashine itadai kwamba hakuna kilichomo. Usikubali kufomati hapo. Zibadilishe nafasi kwanza, kwani huenda kila kitu bado kipo. Nilipojifunza hilo niliweka alama ya kalamu kwenye kadi moja, na tangu siku hiyo sijachanganyikiwa.

Kadi bandia pia zipo. Imeandikwa GB 32 lakini kwa kweli ina GB 4, na inakubali kila kitu mpaka pale nafasi ya kweli inapokwisha, kisha inaanza kuandika juu ya data ya zamani. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza kadi nzima na kuisoma tena, na huchukua muda. Ifanye siku ile ile uliyonunua, kabla muuzaji hajakusahau.

Mwisho kuna kebo. PSP-1000, 2000 na 3000 hutumia USB ndogo ya zamani ya mini-B, na kebo nyingi za aina hiyo zilizobaki sokoni ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data. Ikiwa kompyuta haioni chochote hata baada ya kuchagua USB Connection, badilisha kebo kabla ya kushuku mashine.

Mchezo unafunguka, kisha kioo kinabaki cheusi au unarudishwa kwenye menyu

Chanzo kinachoongoza ni data iliyokosekana. Matoleo mengi ya homubru ya mchezo huu yametokana na NXEngine, injini (programu inayoendesha mchezo) iliyoandikwa upya, na injini peke yake haina picha, ramani wala muziki. Inahitaji folda ya data kutoka mchezo wa asili wa kompyuta, na pia faili ya Doukutsu.exe, kwa sababu baadhi ya sauti na orodha ya ramani zimefichwa ndani ya faili hiyo. Soma maelezo yaliyokuja na toleo lako ujue vitu hivyo viwekwe wapi. Kwa kawaida ni kando ya EBOOT.PBP.

Hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua. Huduma nyingi za barua pepe huzuia faili za .exe hata zikiwa ndani ya zip, na kinga za virusi kwenye kompyuta za saiba huzifuta kimyakimya. Rafiki akikutumia folda, inafika ikiwa nzima isipokuwa faili hiyo moja, nawe huna sababu ya kuitafuta. Fungua folda na uangalie kwa macho yako kama Doukutsu.exe ipo. Kama ipo na bado kuna giza, huenda ni ya toleo lingine: NXEngine inatazamia toleo la bure la 1.0.0.6, na hutafuta data katika nafasi zake kamili ndani ya faili. Cave Story+ iliyouzwa baadaye ni programu tofauti na faili zake hazitafaa.

Ukimaliza hapo, shuku programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye mfumo uliorekebishwa. Hizi hukaa kwenye folda ya seplugins, na zile zinazohusu michezo huorodheshwa kwenye faili ya game.txt, kila mstari ukiishia na 1 kama imewashwa au 0 kama imezimwa. Badilisha 1 zote ziwe 0, jaribu mchezo, kisha rudisha moja moja mpaka umpate mkorofi. Ikiwa mashine inaganda kabla hata hujafika kwenye menyu, izime, shikilia kitufe cha R unapoiwasha, na utaingia kwenye menyu ya uokoaji ambamo programu-jalizi zinaweza kuzimwa. Ukiwa humo, usiguse chochote kinachotaja flash, yaani kumbukumbu ya ndani ya mashine. Menyu hiyo ina mambo ya watu wanaojua wanachokifanya, na kubofya kwa majaribio mahali hapo ndiko kulikogeuza PSP kadhaa nilizoletewa kuwa uzito wa kuzuia karatasi.

Sababu iliyo nadra zaidi ni kumbukumbu. PSP-1000 ina MB 32 za kumbukumbu, ilhali zilizofuata zina MB 64. Toleo la homubru lililoundwa kwa kutegemea ile nyongeza halitaenda kwenye PSP-1000 hata ufanye nini, na dawa ni kutafuta toleo la zamani lililo jepesi.

Mhusika haruki inavyotakiwa

Malalamiko haya hufika kwa maneno mengi: mchezo ni mgumu kupita kiasi, kuna ukingo usiofikika, mhusika anaruka nusu. Katika Cave Story kimo cha kuruka hutegemea muda unaoshikilia kitufe. Ukikigusa tu, anaruka kidogo. Ukikishikilia, anafika juu kabisa. Baadaye, unapopata kifaa cha Booster cha kupaa, kushikilia huko ndiko kunakokubeba hewani. Kwa hiyo kitufe kinachokatika mguso kwa sehemu ndogo ya sekunde, ambacho usingekigundua kamwe katika mchezo wa magari, hapa kinakufanya uonekane hujui kucheza.

Anza kwa kutazama mpangilio wa vitufe ndani ya mchezo, maana baadhi ya matoleo hubadilisha nafasi ya kuruka na kupiga risasi, na anayebonyeza kitufe cha kupiga risasi akisubiri kuruka hawezi kulaumu mashine. Kisha hamishia kuruka kwenye kitufe kingine, tuseme kutoka msalaba hadi mraba. Kama sasa anafika juu bila shida, kitufe cha awali ndicho kilichochoka. Hilo ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, nalo halihitaji bisibisi.

Kitufe kilichochoka mara nyingi si kibovu, ni kichafu. Mwezi wa Januari na Februari, vumbi la Nakuru huingia pembeni mwa vitufe na kuchanganyika na jasho la vidole. Kwa wenzetu wa Kisumu ni joto na unyevu wa ziwa, na ule utando mweupe unaojitokeza kwenye miguso ya chuma. Ukiwa na bisibisi ndogo ya nyota inayoenea vizuri, toa betri na kadi, fungua skrubu, inua uso wa mbele taratibu, kisha safisha raba ya chini ya kitufe na bamba linaloguswa nayo kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa aikoholi ya isopropili. Kidogo maana yake pamba isidondoshe tone. Acha ikauke kabisa kabla ya kufunga. Usitumie mafuta ya taa, na usitumie manukato, hata kama fundi fulani alishawahi kukuonyesha.

Kama mhusika anatembea mwenyewe kuelekea upande mmoja, kosa liko kwenye kijiti cha analogi. Toleo lako likikuruhusu, kizime na utumie vitufe vya mwelekeo, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyoufaa mchezo huu. Kijiti kipya si ghali wala si kigumu kubadilisha. Lakini ukiinua uso wa mashine ukakutana na utepe mwembamba wa nyaya ambao haukubali kutoka kwa kuvutwa kidogo, simama hapo. Utepe huo una kifungio kidogo kinachoinuliwa kwa ukucha, na ukikivunja, tatizo la kitufe kimoja linakuwa tatizo la bodi nzima. Mpelekee fundi wa simu aliye na darubini au lenzi ya mezani.

Mchezo unajikokota au sauti inakatika

Kichakataji cha PSP kinaweza kufika 333 MHz, ila kwa kawaida huwekwa kwenye 222. Bonyeza Select ukiwa kwenye menyu kuu, na kwenye kidirisha kinachojitokeza panga mwendo wa michezo kuwa 333. Betri itaisha mapema kidogo. Kama mkwamo hutokea pale tu unapoingia chumba kipya au muziki unapobadilika, na taa ndogo ya kadi inawaka mfululizo wakati huo, kadi ndiyo iliyo polepole au inakaribia kufa.

Mtikisiko mdogo sana wa picha wakati dunia inapita nyuma ya mhusika si hitilafu. Mchezo wa asili hutembea kwa picha 50 kwa sekunde, nacho kioo cha PSP hujichora upya takriban mara 60, hivyo baadhi ya picha hurudiwa.

Picha ina mapengo pembeni, mistari au vivuli

Mchezo ulichorwa kwa nukta 320 kwa 240, na kioo kina 480 kwa 272. Bila kukuzwa, utaona pengo la nukta 80 kila upande na 16 juu na chini. Ukikuzwa kwa uwiano wake mpaka ujaze kimo, bado hubaki nukta kama 59 kila upande. Ukijaza kioo kizima, kila mtu ananenepa. Chagua unachokipenda. Mistari myembamba inayoonekana wakati wa mwendo kwenye PSP-3000, na kivuli kinachomfuata mhusika kwenye PSP-1000, ni tabia za vioo hivyo, na hakuna fundi wa kuzitibu. Ukiambiwa ulipe ili ziondolewe, ondoka.

Hifadhi haibaki

Mchezo huu haujihifadhi wenyewe. Sharti ufike kwenye alama ya diski, uithibitishe na usubiri. Wengi waliopoteza safari ya saa tatu walikuwa wamelaza mashine katikati ya pango bila kuhifadhi, na homubru nyingi huganda zinapoamshwa usingizini. Chukua mazoea ya kutoka kwa kitufe cha Home kabla ya kulaza mashine. Ikiwa umehifadhi kweli na bado imepotea, tazama kama kadi imejaa, kama ina kifungio kidogo kilichosukumwa upande wa kuzuia uandishi, au kama imefikia hali ya kusomeka tu bila kuandikika, ambayo ni dalili ya kadi inayokufa. Usichomoe kadi wala chaja ya mashine isiyo na betri wakati ile taa ya rangi ya chungwa iliyo kushoto inapepesa.

Haichaji, haiwaki, au mfuniko wa betri umeinuka

Mfuniko ulioinuka ni wa kushughulikiwa kabla ya jambo lingine lolote. Betri za PSP zina umri mkubwa sasa, na zinapochoka hufura mpaka zinausukuma mfuniko utoke nje. Usiirudishe kwa kuikandamiza, usiitoboe ili "itoe hewa", usiichaji hata mara moja ya mwisho. Zima mashine, itoe taratibu bila kuikunja, iweke mahali pasipo na kitu cha kushika moto, mbali na watoto, na usiitupe kwenye jalala linalochomwa. Kama imekwama na haitoki kwa vidole, hapo ni pa fundi. Kuibandua kwa kisu ndiko kunakowasha moto.

Kama betri ni bapa lakini mashine haichaji, kagua chaja. PSP inataka volti 5, na chaja yake ya asili hutoa ampea 2. Zile chaja za jumla zenye kitufe cha kuchagua volti ni hatari, kwa sababu kitufe husogea mfukoni kutoka 5 hadi 9 bila mtu kujua, na fyuzi ndogo zilizo kwenye bodi hukatika. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Taa ya umeme ya rangi ya chungwa ikiwaka kisha ikazima baada ya sekunde chache, betri imechoka au ni bandia. Isipowaka kabisa kwa chaja ambayo umeshaipima, fyuzi au tundu la chaja lina kasoro, nayo ni kazi ya kuchomelea risasi mahali padogo mno. Usiifanye kwa chuma kile cha kuchomelea redio.

Ikiwa taa ya kijani inawaka lakini kioo ni cheusi, bonyeza kwanza kitufe cha mwanga chini ya kioo, maana kikishikiliwa huzima kioo. Halafu mulika kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari. Ukiona menyu kwa mbali kama kivuli, au ukisikia milio ya vitufe, mashine ni nzima na kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Ikiwa hakuna chochote na taa ya kijani inazima yenyewe baada ya muda mfupi, huenda mfumo wa ndani umeharibika. PSP-1000 na PSP-2000 za mwanzo hufufuka kwa betri maalumu ya Pandora, ila ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya. Kabla ya kumwachia, mwambie namba ya modeli, toleo la mfumo, na jambo la mwisho ulilofanya kabla haijazima, hata kama linakuaibisha.

Na toa kadi kabla hujamkabidhi mashine. Fundi anayejaribu mambo hufomati kadi kwanza na kuuliza baadaye. Ndani ya folda ya mchezo kuna faili ndogo iitwayo profile.dat, ndiyo yenye safari yako yote. Inakili kwenye simu au kompyuta leo, mashine ikiwa bado nzima.